Wasiwasi na sonona kwa wenye magonjwa ya ngozi: kwa nini krimu peke yake haitoshi

"Ngozi tu hiyo, haiui mtu." Maneno haya huambiwa mwenye soriasisi (mabaka yenye magamba), mwenye pumu ya ngozi (ukurutu), mwenye vitiligo (mabaka yaliyopoteza rangi) na kijana mwenye chunusi sugu, na mara nyingi anayeyasema ana nia njema kabisa. Hata hivyo yanaumiza kwa namna mbili. Yanachukulia kwamba ugonjwa wa ngozi unaishia kwenye ngozi. Halafu yanamfunga mdomo mgonjwa aliyekuwa karibu kusema jambo zito zaidi: kwamba hajalala vizuri kwa wiki kadhaa, kwamba ameacha kwenda kwa watu, kwamba akiamka asubuhi haoni anaamkia nini.

Ukubwa wa jambo hili umeshapimwa. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika nchi 13 za Ulaya, uliowahoji wagonjwa zaidi ya 3,600 wa kliniki za ngozi na kuwalinganisha na watu wengine zaidi ya 1,300. Sonona, yaani huzuni ya kiwango cha ugonjwa, ilionekana kwa asilimia 10.1 ya wagonjwa, dhidi ya asilimia 4.3 ya wale wengine. Wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa ulikuwa asilimia 17.2 dhidi ya 11.1. Mawazo ya kujiua yalikuwa asilimia 12.7 dhidi ya 8.3. Hawa walikuwa watu waliokwenda kutibiwa ngozi. Hawakukaa kwenye foleni ya daktari wa magonjwa ya akili.

Ninachotaka kieleweke ni hiki: wasiwasi na sonona havitoweki vyenyewe eti kwa sababu ngozi imetakata. Ni maradhi yanayosukumana na ugonjwa wa ngozi, kila moja likimchochea mwenzake, na yanastahili kuulizwa na kutibiwa sambamba nao tangu siku ya kwanza.

Yanavyojitokeza

Kununa kwa siku mbili tatu kwa sababu uso umechafuka si ugonjwa. Sonona ni pale huzuni, au kukosa hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu, kunapodumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, tena kukiandamana na mabadiliko ya usingizi, hamu ya kula, nguvu, umakini na namna mtu anavyojithamini. Wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa ni hofu isiyozimika: moyo unaenda mbio, misuli imekaza, akili inazunguka palepale hata pasipo jambo la kuogopa.

Kwa mwenye ugonjwa wa ngozi, hali hizi zina sura yake. Mwenye wasiwasi huishi kwa mahesabu. Kabla ya kutoka anavuta mikono ya shati hadi viganjani ingawa jua ni kali. Akiingia mahali anatafuta kiti kilicho mbali na mwanga. Akiinuka anapangusa kiti haraka, asije mtu akaona magamba aliyoyaacha. Jibu la "umepatwa na nini hapo?" analo tayari mdomoni, amelirudia moyoni mara nyingi kabla hajaulizwa na yeyote.

Mwenye sonona hujulikana kwa jambo ambalo wahudumu wengi hulisoma vibaya: anaacha dawa. Krimu ya kupaka mara mbili kwa siku inabaki kwenye droo, miadi inapita, na kwenye faili panaandikwa kwamba mgonjwa hafuati matibabu. Mtu asiye na nguvu hata ya kuoga atazitoa wapi nguvu za kujipaka mwili mzima asubuhi na jioni? Sentensi hiyo kwenye faili huandikwa kama lawama. Kwa maoni yangu ingekuwa ndiyo mahali pa kuanzia kumuuliza mtu huyo hali yake.

Ukubwa wa doa hauonyeshi ukubwa wa mateso

Kosa linalofanywa na ndugu, na wakati mwingine na daktari, ni kupima mateso kwa macho. Mtu mwenye mabaka mgongoni na mapajani anaweza kuwa anaendelea vizuri na maisha, na mwenye baka moja juu ya mdomo akawa hajatoka nyumbani. Mahali lilipo doa pana uzito kuliko upana wake. Uso na mikono huonekana na kila mtu. Sehemu za siri hazionekani na wengi, lakini ugonjwa ukifika huko hugusa ndoa, mapenzi na heshima ya mtu mbele ya mwenzi wake, na wagonjwa wachache sana huweza kulitaja bila kuulizwa.

Ndiyo maana mwaka 1994 daktari wa ngozi Andrew Finlay na mwenzake, wa Cardiff huko Wales, walichapisha dodoso fupi la maswali 10 ambalo leo linatumika kliniki nyingi za ngozi duniani. Haliulizi doa lina sentimita ngapi. Linauliza kuhusu wiki iliyopita: ngozi imekuwasha au kukuuma kiasi gani, umeona aibu kiasi gani, imebadilisha nguo unazovaa, imekuzuia kazi, michezo, kukutana na watu, imeleta shida na mwenzi wako, imeathiri tendo la ndoa, na matibabu yenyewe yamekusumbua kiasi gani. Alama huanzia 0 hadi 30, na zikizidi 10 maana yake maisha ya mtu yameathirika sana, hata kama daktari ameona baka dogo tu.

Vitiligo ni kielelezo kizuri. Kwa kawaida haiwashi na haiumi. Anayepima kwa macho ya kitabibu tu anaweza kusema hakuna shida. Lakini ni ugonjwa unaobadilisha rangi ya mtu, jambo ambalo watu hulitumia kumtambua na kumweka katika kundi fulani, na hakuna anayeweza kumwahidi kwamba mabaka yataishia hapo yalipo. Kutojua kesho itachukua nini ni chakula cha wasiwasi.

Hapa pana jambo linalowahusu hasa wenye ngozi nyeusi. Vitabu vingi vya tiba vilijengwa juu ya picha za ngozi nyeupe, ambako ngozi iliyochachamaa huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huweza kuonekana kama zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu. Matokeo yake ni kwamba ukurutu mkali huhesabiwa kuwa wa wastani, na anayelalamika kuwashwa usiku kucha huonekana anakuza mambo. Isitoshe, chunusi ikipona huacha alama nyeusi zinazoweza kukaa miezi mingi. Daktari anasema umepona. Kioo kinasema bado. Ni katika kipindi hicho watu wengi hukimbilia krimu za kuchubua zenye steroidi kali au zebaki, na kujiongezea ugonjwa juu ya ugonjwa.

Usiku wa mwenye kuwashwa

Kati ya njia zote zinazounganisha ngozi na akili, inayodharauliwa kuliko zote ni muwasho. Watu husikia "kuwashwa" na kufikiria mbu.

Saa nane usiku mwenye pumu ya ngozi anashtuka akiwa tayari anajikuna. Vidole vilianza kazi kabla yeye hajaamka. Jioni na usiku kotisoli, homoni inayosaidia kutuliza kinga ya mwili, hushuka. Ngozi hupata joto chini ya shuka. Hakuna kazi wala mazungumzo ya kumsahaulisha. Anajikuna, na kwa muda mfupi anapata nafuu kubwa, kwa sababu maumivu ya kucha huzima ishara za muwasho zinazopita kwenye uti wa mgongo, na sehemu za ubongo zinazohusika na raha huitikia. Kisha ngozi iliyochanika hutoa kemikali zinazoamsha neva upya, na muwasho unarudi ukiwa mkali zaidi. Hili linaendelea hadi alfajiri. Asubuhi kuna damu kwenye shuka, ngozi inachoma maji yakiigusa, na mtu anatakiwa aende shule au kazini kama aliyelala.

Fanya hivyo kwa mwezi mzima, na hata mtu ambaye hakuwahi kuwa na dalili ya sonona atakuwa kwenye hatari, maana kukosa usingizi peke yake ni mlango unaojulikana wa ugonjwa huo. Ongeza na hatia: anajiona ameshindwa kujizuia, na kila mtu anamwambia "acha kujikuna" kana kwamba ni tabia mbaya aliyojichagulia. Mtoto anapokuwa na hali hii, mzazi naye halali, na ni busara kumuuliza mama au baba huyo anaendeleaje yeye mwenyewe.

Ndani ya mwili

Ngozi ya juu na mfumo wa neva huanza pamoja. Katika wiki za mwanzo za mimba vyote viwili huchipuka kutoka tabaka moja la seli liitwalo ektodemu, na maisha yote huendelea kupashana habari kwa kemikali zilezile.

La maana zaidi ni kinga ya mwili. Katika soriasisi na pumu ya ngozi kinga huchachamaa pasipo adui, na seli zake hutoa kemikali za kupashana habari ziitwazo saitokini. Hizi hazibaki kwenye kiwiko au goti zilikoanzia. Huingia kwenye damu, na ubongo hupata habari zake. Uchovu, kukosa hamu ya chakula na kutotaka watu, mambo yanayompata yeyote mwenye homa kali, ni kazi ya kemikali hizo hizo. Kwa mwenye homa huisha baada ya siku chache. Kwa mwenye soriasisi kali huweza kuendelea kwa miaka.

Ushahidi mmoja wa kuvutia ulichapishwa mwaka 2006. Wagonjwa wa soriasisi wapatao 600 walipewa ama dawa iitwayo etanercept, inayozuia saitokini mojawapo, TNF-alfa, ama sindano isiyo na dawa. Waliopata dawa walipungukiwa na dalili za sonona, na nafuu hiyo haikufuatana sana na kiasi ambacho ngozi yao ilitakata. Kwa maneno mengine, haikuwa furaha ya kuona ngozi nzuri tu. Haimaanishi kwamba dawa hiyo ni ya sonona. Inaonyesha kwamba sehemu ya huzuni ya wagonjwa hawa ina mizizi katika mwili wenyewe, na kumwambia mtu wa namna hiyo "jikaze" ni kumwonea.

Macho ya watu

Lakini mwili hauelezi yote. Mtu ananunua kitu, ananyoosha kiganja apokee chenji, na muuzaji, akiona magamba, anaiweka juu ya meza. Hakuna tusi lililotamkwa. Hakuna la kulalamikia. Mgonjwa anaziokota sarafu moja moja mbele ya watu, na kuanzia siku hiyo hanyooshi tena kiganja. Anaonyesha meza kwa kidole kabla hajawekewa. Hivyo ndivyo unyanyapaa unavyoingia ndani ya mtu: inafika mahali anajitenga mwenyewe kabla hajatengwa.

Woga wa maambukizi ndio unaoongoza. Soriasisi, vitiligo, pumu ya ngozi na chunusi haziambukizi kwa kushikana mikono, kula pamoja wala kulala kitanda kimoja. Yapo magonjwa ya ngozi yanayoambukiza, kama upele na mapunye, nayo yana dawa. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio mahususi kuhusu soriasisi, likizitaka nchi wanachama zielimishe watu na kupambana na unyanyapaa.

Mbali na woga kuna tafsiri. Ngozi ni mahali ambapo kila mpita njia hujiona ana haki ya kutoa maoni: huogi, umelogwa, umekosa adabu, unakula vibaya, unajichubua. Mwaka 1993 Michael Jackson alimweleza Oprah Winfrey mbele ya kamera kwamba ana ugonjwa unaoharibu rangi ya ngozi. Wengi hawakumwamini, wakaendelea kusema amejibadilisha kwa makusudi. Uchunguzi wa mwili wake baada ya kifo mwaka 2009 ulithibitisha vitiligo. Kama mtu mwenye jukwaa kubwa kiasi hicho alijieleza asiaminiwe, fikiria mwanafunzi wa kidato cha pili anayejieleza mbele ya darasa.

Na akili nayo huigusa ngozi

Mawasiliano haya yana njia ya kurudi. Watafiti waliwabandika wanafunzi utepe wa gundi na kuubandua mara kadhaa, kiasi cha kuondoa tabaka la juu kabisa la ngozi, kisha wakapima inachukua muda gani ngozi kujirekebisha. Katika kipindi cha mitihani ilichelewa. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti mwingine wa wanawake waliokuwa wakiwahudumia ndugu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kidonda kidogo walichochanjwa mkononi kilichukua takriban siku 9 zaidi kupona kuliko kwa wanawake wasio na mzigo huo. Msongo wa mawazo hudhoofisha ukuta wa ngozi, huchochea kinga, na humfanya mtu ajikune zaidi.

Ninaomba habari hizi zisitumiwe vibaya. Kutoka "msongo huzidisha ugonjwa" hadi "umejiletea kwa mawazo yako" ni hatua fupi, na ndugu wengi huiruka bila kujua. Soriasisi ina urithi ndani yake. Vitiligo ni kinga kushambulia seli za rangi. Hakuna aliyeumwa kwa kukosa utulivu wa moyo, na anayebebeshwa lawama hiyo huongezewa msongo uleule anaoambiwa aupunguze.

Dawa zinazochanganya

Baadhi ya dawa hugusa pande zote mbili, na ni vyema mgonjwa azijue. Lithiamu, inayotumika katika magonjwa ya akili, inaweza kuzidisha soriasisi na kuleta chunusi. Propranolol, ambayo wengine hupewa kwa mapigo ya moyo na wasiwasi, nayo inaweza kuamsha soriasisi. Vidonge vya steroidi huweza kubadilisha hali ya moyo, mara furaha iliyopitiliza, mara huzuni, na kukosa usingizi. Anayetumia dawa hizi asiache mwenyewe. Amwambie daktari kila mmoja kuhusu dawa alizopewa na mwingine.

Isotretinoin, dawa ya chunusi kali, ina sifa ya kuleta sonona, na onyo limo kwenye karatasi yake. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2010, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 5,700, ulikuta majaribio ya kujiua yalianza kuongezeka kabla hawajameza kidonge cha kwanza. Chunusi kali yenyewe ilikuwa tayari inaua matumaini. Ninavyoona mimi, hiyo si sababu ya kupuuza onyo, kwa kuwa watu wachache hubadilika kweli wakiwa kwenye dawa hii, na kijana anayeitumia aulizwe hali ya moyo wake kila miadi. Lakini kumnyima dawa kwa hofu, ukamwacha na chunusi inayomla, nako ni hatari.

Kinachosaidia

Kutibu ngozi kwa nguvu zinazostahili ni sehemu ya kutibu akili. Mtu anayepata usingizi wa saa saba kwa sababu muwasho umedhibitiwa amepata nafuu ambayo maneno hayawezi kumpa. Hata hivyo wapo ambao ngozi hutakata na hofu ikabaki, maana miaka ya kujificha imekuwa mazoea.

Hapo inakuja tiba ya mazungumzo, hasa ile inayofundisha kukagua mawazo na kubadilisha matendo. Mgonjwa anayeamini kila mtu anaangalia mkono wake hupangiwa majaribio madogo: leo mikono mifupi kwa nusu saa mahali penye watu wachache, kisha anaandika nini hasa kilitokea. Kwa anayejikuna, kuna mafunzo ya kutambua dakika ambayo mkono unaanza kupanda na kuupa kazi nyingine, kama kufumba ngumi au kubonyeza ngozi bila kuikwaruza. Vipodozi vya kufunika mabaka vinasaidia sana watu wengi, ila vikifika hatua ya mtu kutoweza kufungua mlango bila kujipaka, vimeshajiunga na wasiwasi.

Dawa za sonona hufanya kazi kwa wenye magonjwa ya ngozi kama kwa wengine. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu zake, na baadhi yake, kama doxepin na mirtazapine, hupunguza muwasho na kuleta usingizi pia. Pombe, ambayo wengi huitumia ili wawe na ujasiri mbele ya watu, huzidisha soriasisi na sonona kwa pamoja.

Kumwanza daktari kwa habari hizi ni kugumu, hasa chumba kikiwa na foleni mlangoni. Si lazima uanze na neno sonona. "Daktari, ugonjwa huu unaniharibia usingizi na nimeacha kukutana na watu" inatosha. Daktari naye ana maswali mawili yasiyomaliza hata dakika: katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia mnyonge, mwenye huzuni au asiye na matumaini? Akijibiwa kwamba ni siku nyingi, achimbe zaidi au ampeleke kwa anayeweza.

Na swali la kujiua liulizwe waziwazi, na daktari, na mzazi, na rafiki: "Umewahi kufikiria kujitoa uhai?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, mara nyingi kunampa nafasi ya kwanza ya kulitua. Akisema ndiyo, na hasa akiwa ameshafikiria namna au siku, asiachwe peke yake na asisubiri miadi ya ngozi ya mwezi ujao. Apelekwe siku hiyohiyo kwenye hospitali au huduma ya dharura iliyo karibu, na dawa zote zilizomo nyumbani, zikiwemo za ngozi kama methotrexate, ziwekwe mahali asipoweza kuzifikia.